Kosa Asilolihisi Mpanda Farasi

Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Plato anamwonyesha Socrates akiuliza kama wema ni kitu kinachoweza kufundishwa, na miongoni mwa mashahidi wake yumo kijana mmoja hodari wa kupanda farasi. Kijana huyo ni Cleophantus, mwana wa Themistocles, yule kiongozi wa Athens ambaye mwaka 480 kabla ya Kristo aliwashinda Waajemi baharini huko Salamis. Baba alimtafutia mwanawe walimu bora, na kijana akahitimu hadi akaweza kusimama wima mgongoni mwa farasi na kurusha mikuki akiwa amesimama vivyo hivyo. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia mtu akimsifu kwa hekima kama ya baba yake. Basi, anasema Socrates, kama hekima ingekuwa ya kufundishwa, Themistocles angemwachaje mwanawe bila hiyo ilhali ya farasi alimgharimia? Hoja hii imesomwa kwa zaidi ya miaka 2,300 kama hoja kuhusu wema. Ndani yake, hata hivyo, mna dhana kuhusu farasi iliyopita bila kuulizwa, kwamba kupanda ni ustadi wa viungo tu, na kwamba mwalimu wa farasi ni mgawaji wa mbinu. Nadhani dhana hiyo ni potofu. Kazi ya mwalimu huyu ni kumwonyesha mwanafunzi kosa ambalo mwanafunzi mwenyewe hawezi kulihisi; na kwa sababu hiyo, kumtii si kuitupa akili. Ni njia mojawapo ambayo akili huitumia kujikagua.

Ushahidi wa kwanza unatoka Berlin. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi wake, Hans, ambaye alimfundisha kwa miaka kujumlisha, kugawanya na kutaja tarehe kwa kugonga ardhi kwa kwato. Mzee huyo hakutoza watu kiingilio, wala hakuwa tapeli. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilimchunguza Hans na halikuona hila yoyote. Ndipo Oskar Pfungst, mtafiti wa saikolojia, alipofanya majaribio ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1907. Aligundua kwamba Hans alijibu sawasawa pale tu ambapo muulizaji mwenyewe alilijua jibu, na pale tu ambapo farasi aliweza kumwona. Muulizaji akimaliza swali, aliinama kidogo kuutazama mguu wa farasi, na Hans akaanza kugonga. Hesabu ilipofikia jibu, kichwa cha muulizaji kiliinuka kwa kiasi kidogo mno, mwendo ambao waliosimama pale hawakuuona, na Hans akaacha. Hesabu hakuijua. Alichokijua ni kusoma mwili wa binadamu. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kuustaajabia werevu wa farasi, ilhali uzito wake uko kwa binadamu. Pfungst mwenyewe, baada ya kuigundua ishara ile, alishindwa kuizuia isimtoke mwilini. Na von Osten aliishi na farasi wake miaka, kwa subira na nia njema, akimfundisha jambo moja huku akiamini anafundisha jingine, na muda wote huo haukumfunulia kosa. Tunapenda kusema kwamba uzoefu ndio mwalimu. Kwa von Osten uzoefu ulikuwa ndio unaomthibitishia kosa lake kila kukicha, maana kila kukicha Hans alijibu sawasawa.

Na si ishara za kichwa tu zinazopita kati ya mtu na farasi bila mtu kujua. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambalo watu waliwaongoza farasi kwa mkono au waliwapanda, mara nne, kutoka sehemu moja ya uwanja hadi nyingine. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuwa ameambiwa neno. Huyu ni mnyama wa kuwindwa, ambaye kwa vizazi visivyohesabika uhai wake ulitegemea kukimbia kabla ya kuthibitisha hatari. Ngozi yake humhisi inzi akitua, na huitikisa sehemu ile ile tu kumfukuza. Sasa mpandishe mgongoni mwake mtu anayeogopa kuanguka. Mwenye hofu hubana. Magoti yanakaza, visigino vinapanda na kuchoma mbavu, mikono inavuta hatamu kwa kutafuta pa kujishikiza. Farasi aliyefunzwa huelewa kwamba kubanwa mbavuni ni kuambiwa nenda, na kuvutwa lijamu ni kuambiwa simama. Ameambiwa yote mawili kwa pamoja. Akirusha kichwa au akitimka, aliye juu huapa kwamba farasi ni mkaidi, na kwa kadiri anavyohisi anasema kweli, kwa kuwa hahisi kwamba anabana. Nyani haoni kundule, na hapa methali haimlaumu mtu. Inaeleza tu jinsi miili yetu ilivyo. Hisia ambayo mpandaji angeitumia kuligundua kosa ndiyo hiyo hiyo iliyozibwa na hofu.

Kuna pia suala la wakati, ambalo wasiopanda farasi hawalifikirii. Farasi hufunzwa kwa kuachiliwa zaidi kuliko kwa kushurutishwa. Mguu unagusa ubavu, farasi anasogea, mguu unaacha, na kule kuacha ndiko kunakomwambia kwamba amefanya linalotakiwa. Ukichelewa kuacha, umemfunza kwamba kusogea hakuleti nafuu. Ukiacha wakati amegoma, umemfunza kugoma. Tofauti kati ya somo jema na baya ni kitambo cha kupepesa jicho, na mwanafunzi, ambaye akili yake yote iko kwenye kutokuanguka, hana hata chembe ya uangalifu iliyobaki ya kukipima kitambo hicho. Anayeweza kukipima ni mtu aliyesimama chini, mwenye jicho lililokwisha kuona maelfu ya hatua za farasi.

Namna kazi hiyo inavyofanywa huonekana wazi kuliko kwingi katika Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi iliyoko Vienna, Austria. Kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1565. Ukumbi wake mweupe wa majira ya baridi ulijengwa kati ya 1729 na 1735, na farasi wake ni wa aina ya Lipizzaner, ambao zizi lao la asili lilianzishwa mwaka 1580 huko Lipica, katika nchi iitwayo leo Slovenia. Mwaka 2015 UNESCO iliutia ustadi wa shule hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwanafunzi mpya hapewi farasi mchanga. Hupewa dume mzee aliyekwisha kuiva, na mpandaji mwenye uzoefu husimama katikati akiwa ameshika kamba ndefu, farasi akimzunguka kwa duara. Mwanafunzi hana hatamu mkononi wala vikuku miguuni. Vyote viwili ambavyo mwoga hujishikiza navyo vimeondolewa. Farasi akiingia mwendo wa matiti, kila hatua humrusha juu, na kila akikaza mapaja asiruke, kukaza kwenyewe humwinua kutoka kwenye tandiko na kumrusha zaidi. Mwalimu anasema, "Legeza goti." Mwanafunzi anaamini amekwisha kulilegeza. Anaambiwa tena, na kesho tena. Kisha siku moja misuli inaachia, uzito wake unashuka hadi kwenye tandiko, farasi anateremsha shingo na kupuliza pumzi ndefu puani, na mwanafunzi anatambua kwa mara ya kwanza kwamba siku zote hizo alikuwa akibana. Hakuna sentensi ambayo ingempa ujuzi huo, kwa kuwa sentensi yenyewe alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Alichokosa ni kuutambua mwili wake kama ulivyo, na hakuupata mpaka alipokubali kuliamini jicho la mwingine kuliko hisia yake.

Mafunzo hayo huhesabiwa kwa miaka. Farasi aliyekomaa humfunza mpandaji mchanga, na mpandaji aliyekomaa humfunza farasi mchanga, hivyo ujuzi unapokezanwa kati ya mtu na mnyama kizazi baada ya kizazi. Alois Podhajsky, aliyeiongoza shule hiyo tangu 1939 hadi miaka ya 1960, alipelekwa huko mwaka 1933 akiwa tayari ofisa wa jeshi na mpandaji wa mashindano, akakaa tena chini ya wazee na kusahihishwa. Mwaka 1936 alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Berlin. Hakuwa amepungukiwa na habari kuhusu farasi alipokwenda Vienna. Alikwenda kutafuta macho ya watu wengine.

Hapa msomaji anayeithamini akili huru ana haki ya kupinga. Kumwamini mwingine juu ya jambo lililomo ndani ya mwili wangu mwenyewe, dhidi ya ninavyohisi, si ndiyo taklidi, ule ufuataji usiouliza dalili ambao hata wanazuoni wa Kiislamu wamebishana juu yake karne nyingi? Immanuel Kant, katika makala yake maarufu ya mwaka 1784, aliwalaumu watu wanaowaachia wengine kazi ya kufikiri kwa niaba yao. Kwa nini lawama hiyo isimpate mwanafunzi wa Vienna? Jibu langu ni kwamba utiifu una namna mbili, na kinachozitenganisha ni kama kuna mtu wa tatu wa kuamua. Watoto wa pwani waliosoma Kurani chuoni wameishi jambo linalofanana na hili. Mtoto hutamka herufi ya Kiarabu kwa ulimi wa Kiswahili na sikio lake humwambia amepatia. Mwalimu humrudisha, mara ya tatu, mara ya kumi, hadi sauti itoke mahali pake, na ndipo sikio la mtoto nalo huanza kuisikia tofauti. Tajwidi, yaani usomaji sahihi wa Kurani, haijawahi kupatikana kwenye kitabu peke yake, na mwalimu aliyeifundisha aliipokea kwa mwalimu aliyemsikiliza yeye. Kwa farasi kuna nyongeza kubwa. Kati ya mwalimu na mwanafunzi yupo wa tatu ambaye hamjui mwalimu kwa jina, hajali sifa zake wala medali zake, na hana haja ya kumpendeza mwanafunzi anayelipa. Mwalimu akisema "legeza goti" na goti likalegea, farasi hubadilika papo hapo au habadiliki. Neno la mwalimu linapimwa katika kila hatua. Mwanafunzi ameanza kwa kuamini, ndiyo, lakini imani yake ni ile ya mtu aliyekubali kujaribu jambo ambalo matokeo yake yatamrudia waziwazi. Kant hakuwa na neno la kumlaumu mtu huyo.

Wengine watauliza: kama ni hivyo, mpandaji wa kwanza alifunzwa na nani? Na vitabu, na siku hizi video za kwenye simu, si vinatosha? Swali la mpandaji wa kwanza linajibika upesi. Alifunzwa kwa kuanguka, na wengi walilipa kwa mifupa yao na kwa farasi walioharibika. Kwamba jambo liliwahi kupatikana kwa gharama hiyo hakulifanyi kuwa njia ya kuigwa. Swali la vitabu lina uzito zaidi, kwa sababu vitabu vya farasi ni vya kale mno. Yapata karne ya 14 kabla ya Kristo mtu mmoja aitwaye Kikkuli, mfunzaji wa farasi kutoka Mitanni, aliwaachia Wahiti maelekezo ya kuwaandaa farasi wa magari ya vita, yaliyoandikwa kwenye vigae vya udongo na kukutwa Hattusa, katika Uturuki ya leo. Yanataja siku kwa siku umbali wa kwenda, chakula, kunywesha na kuosha. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini tazama inachokieleza, ambacho ni mambo yanayohesabika. Juu ya mkono unaoshika hatamu, juu ya kule kuacha kwa wakati, kigae hakiwezi kumwambia msomaji kama amepatia, kwa sababu kigae hakimwoni. Xenophon wa Athens, mwanafunzi wa Socrates aliyeandika kitabu chake juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alilijua hili. Yeye mwenyewe alikuwa mwandishi mzuri na mpandaji wa siku nyingi, na bado anashauri mwanafarasi apelekwe kwa mfunzaji kwa mapatano ya maandishi, kama baba anavyompeleka mtoto kwa fundi kujifunza kazi. Video ina tatizo lile lile la kigae. Inamwonyesha mtazamaji mwili wa mtu mwingine, wakati kosa liko katika mwili wake.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la walimu wabaya. Federico Grisone wa Naples alichapisha mwaka 1550 kitabu kilichosomwa katika Ulaya nzima, na ndani yake mna adhabu za kikatili kwa farasi anayekataa. Alikuwa bwana mkubwa wa zama zake, na wanafunzi wake walimtii. Wala si mambo ya kale tu. Julai 2024, siku chache kabla ya michezo ya Paris, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali nyingi za Olimpiki, alijitoa baada ya kutokea video iliyomwonyesha akimcharaza farasi miguuni kwa mjeledi mrefu wakati akimfundisha mtu, na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likamfungia mwaka mmoja. Mwanafunzi alikuwa pale pale mgongoni mwa farasi. Kwa hiyo uzoefu na sifa havitoshi kumhalalisha mwalimu. Tena pingamizi hili linafika hadi kwenye hoja yangu ya wa tatu anayeamua, kwa kuwa farasi aliyetishwa naye hutii. Kama hofu hutoa utiifu, mwamuzi huyo amenunuliwa.

Hilo nalikubali kwa sehemu. Farasi ni shahidi, na shahidi anaweza kutishwa. Lakini hawezi kuficha kwamba ametishwa. Mkia unapigapiga pasipo inzi, masikio yanalala nyuma, meno yanasaga lijamu, mgongo unakuwa mgumu kama ubao. Xenophon aliliona hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Alifundisha kwamba farasi asikaribiwe na mtu mwenye hasira, kwamba kumpiga anapoogopa kitu huzidisha hofu kwa kuwa huunganisha maumivu na kile kitu, na kwamba afanyacho kwa kulazimishwa hakina ufahamu wala uzuri. Antoine de Pluvinel, aliyemfundisha mfalme Louis wa 13 wa Ufaransa, aliufuata mkondo huo wa upole baada ya ukali wa Naples, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1623, baada ya kifo chake, kiliandikwa kama mazungumzo ya mfalme mwanafunzi anayeuliza na mwalimu anayelazimika kutoa sababu. Mapokeo ya farasi, basi, yamejisahihisha, na yamejisahihisha kwa kumrudia mnyama na kumsoma upya. Anayejifunza anahitaji muda kabla hajaweza kuzisoma dalili hizo, na katika muda huo anaweza kudanganywa. Ndiyo maana mwalimu mmoja aliyejifungia na wanafunzi wake uwanjani ni hatari, na ndiyo maana ni jambo jema kwamba Vienna mazoezi ya asubuhi hufanywa watu wakitazama. Aliyehitaji jicho la nje alipokuwa mwanafunzi hajaacha kulihitaji alipokuwa mwalimu.

Nikirudi kwenye hoja ya Socrates, naona alikosea pale alipouweka ustadi wa farasi upande mmoja na wema upande mwingine, kana kwamba havina mpaka wa pamoja. Sidai kwamba mpandaji mzuri atakuwa mzazi mwema au mfanyabiashara mwaminifu. Historia ina majemadari wengi waliokaa vizuri kwenye tandiko na kuchoma miji ya watu. Dai langu ni dogo kuliko hilo. Yupo mpandaji aliyefunzwa kujionyesha, na yupo aliyefunzwa kwamba farasi akikataa, yeye ndiye wa kwanza kujiuliza amefanya nini. Huyu wa pili amepokea kitu ambacho kwa kila kipimo ni sehemu ya wema, yaani kuzuia hasira mbele ya kiumbe asiyeweza kujieleza, na kutoichukulia hisia yake kuwa ndiyo ukweli. Amekipokea kwa kufundishwa, na mtu mwingine, kwa miaka. Yanayosimuliwa juu ya mwana wa Themistocles, kusimama wima na kurusha mikuki, ni ustadi wa namna ya kwanza. Kutokana na namna hiyo peke yake haikufaa kuhitimisha kwamba hakuna linalofundishika.

Afrika Mashariki farasi ni wachache, kwa sababu ndorobo na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi viliwazuia kuenea katika sehemu kubwa ya nchi zetu. Hata hivyo wapo. Nairobi ina uwanja wa mbio wa Ngong na shule za kupanda farasi, Jeshi la Polisi la Tanzania lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na ndugu zetu walioko Oman wanaishi katika nchi ambayo maonyesho yake ya farasi na ngamia UNESCO iliyatambua mwaka 2018. Wazazi wenye uwezo wanaanza kuwapeleka watoto. Kwenu nyinyi nina ombi moja. Msiulize kwanza mwalimu ameshinda nini. Nendeni zizini asubuhi mapema, mtazame masikio ya farasi mwalimu anapoingia. Ulizeni alifunzwa na nani, na sasa hivi anasahihishwa na nani. Angalieni kama mwanagenzi anapewa farasi mzee mtulivu na kamba, au anapandishwa yeyote aliyepo. Kisha subirini mpaka farasi mmoja akatae jambo, kwa kuwa atakataa, na mwone mwalimu anamgeukia nani kwanza. Akimwendea farasi na fimbo kabla ya kumtazama aliyepanda, mchukueni mtoto mkatafute mwalimu mwingine.